Siku nane Sokotra, kutafuta mche wa mtango

Siku ya 1, Jumanne

Tumetua Sokotra, kisiwa cha Yemeni katika Bahari ya Hindi, kabla ya adhuhuri, saa mbili na kitu tangu Abu Dhabi. Mjomba alikaa dirishani. Kisiwa kilipojitokeza alinigusa mkono bila kusema neno: ufukwe mweupe, kisha nchi kavu ya rangi ya kahawia, na nyuma yake majabali ya Hajhir yamesimama na mawingu kichwani, kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari.

Mjomba alikuwa bwana shamba Pemba miaka 31. Amekuja Maskati kunitazama mimi na watoto, na nilipomwambia kuna kisiwa ambako tango ni mti, alinitazama kwa muda. "Mti? Wa kukwea?" Nikamwambia ndiyo, Mjomba, mti wenye shina usiloweza kulikumbatia. Basi safari ikawa imeamuliwa.

Nafundisha baiolojia. Kila mwaka nikifika kwenye ukoo wa matango, maboga, matikiti na mung'unye, nawaambia wanafunzi kwamba ukoo huu una spishi karibu 1,000, na zilizo nyingi hutambaa au hujishikilia kwenye uchanja kwa vijikono vyake. Halafu naandika ubaoni jina moja peke yake: Dendrosicyos. Ni jenasi yenye spishi moja tu, Dendrosicyos socotranus, na spishi hiyo haioti penginepo duniani ila Sokotra. Haina vijikono wala haitambai. Nimeliandika jina hilo miaka kumi bila kuuona mti wenyewe.

Leo nimeuona. Hatujafika hata Hadibo, mji mkuu wa kisiwa. Barabara imepita kati ya bahari na kilima cha mawe, na kwenye mteremko ilisimama ile miti, mmoja hapa, mwingine kule, myeupe kama mitungi ya udongo iliyopakwa chokaa. Nilimwomba dereva asimame. Mjomba alishuka kwanza na kofia yake mkononi.

"Huu si mtango," alisema baada ya kitambo. Akakaa kimya tena, kisha: "Mbona kama mbuyu mtoto."

Siku ya 2, Jumatano

Asubuhi tumekwenda kwenye kitalu cha miche nje kidogo ya mji. Ni cha familia, kimezungushiwa ukuta wa mawe ili mbuzi wasiingie, na ukuta huo ndio siri yake yote. Ndani kuna miche ya damu ya ndugu wawili, ule mti wenye utomvu mwekundu, miche ya ubani, na kwenye kona, ndani ya mifuko ya plastiki, miche sita ya ule mti wetu. Watu wa hapa wanauita qamhin kwa Kisokotri, lugha yao ya kale ambayo si Kiarabu. Hata wakizungumza mbele yangu mimi niliyeishi Maskati nusu ya umri wangu, silipati hata neno moja.

Hapo ndipo Mjomba alipokubali. Aliinama, akalishika jani moja kwa vidole viwili. Jani la mche ni la mviringo, lina meno pembezoni, na lina vinywele vigumu vinavyokwaruza kama msasa uliochakaa. "Astaghfirullah," alisema, "hili ni jani la tango." Miaka 31 ameshika majani ya namna hiyo; kilichomkana jana machoni leo kimejulikana mkononi. Mche ulikuwa na urefu wa shibiri moja, lakini shina lake chini limekwisha kuvimba, nene kama dole gumba, kana kwamba limeshaanza kuweka akiba ya maji.

Nimeyaangalia sana majani hayo ili niyakariri. Nataka nione mche kama huu porini, uliojiotea wenyewe.

Jioni tuliingia bonde la Ayhaft. Maji yalikuwa yakipita kwenye mawe, na watoto wakioga. Kwenye kingo, kati ya mitende na adeniamu, miti mifupi yenye matumbo mazito na maua ya rangi ya waridi, tuliihesabu mitango 23 mikubwa. Mjomba alipima mmoja kwa mikono, pima moja na nusu na ziada, nami nikapitisha utepe wa fundi cherehani: mzingo wa mita 2 na sentimita 84. Urefu wa mti huo nadhani ni mita 5. Mikubwa kabisa hufikia 7. Shina hupanda nono na laini, halafu juu kabisa, ghafla, hutoka kifungu cha vitawi vyembamba vinavyoning'inia na majani machache. Ukiuona kwa mbali wadhani mtu kapanda kichaka juu ya nguzo.

Chini ya miti 23 nilitafuta mche hata mmoja. Hakuna. Palikuwa na samadi ya mbuzi tele.

Siku ya 3, Alhamisi

Homhil, mashariki ya kisiwa. Gari limepanda njia ya mawe mpaka Mjomba akawa anasoma dua waziwazi. Juu ni uwanda uliozungukwa na vilima, na ukienda mwisho wake unakuta bwawa la maji matulivu kwenye ukingo wa jabali, na chini yake kabisa bahari. Wageni hupiga picha hapo. Sisi tulipita tukaenda kwenye miti.

Dereva wetu, kijana wa hapa hapa, alitusimulia Novemba 2015. Tufani mbili zilipiga kisiwa ndani ya wiki moja, Chapala kwanza, halafu Megh. Megh ndiyo iliyoiumiza sana pande hii. Yeye alikuwa mtoto, walijificha na wazazi wake ndani ya pango, na walipotoka, alisema, "mlima ulikuwa umelala." Miti ya damu ya ndugu wawili iliyosimama tangu enzi za mababu wa mababu zake ilikuwa chini, mizizi juu. Mei 2018 ikaja nyingine, Mekunu.

Mizoga ya miti ile ipo mpaka leo. Ya damu ya ndugu wawili inabaki kama magogo magumu. Lakini mtango ulioanguka haubaki gogo. Tulimkuta mmoja ambao haikuonekana kama ulianguka zamani sana, nikaingiza kidole kwenye jeraha lake: nyuzinyuzi laini, chepechepe, kama ndani ya boga lililosahauliwa jikoni. Si mbao hata kidogo. Huwezi kupata ubao humo, wala boriti, wala kuni za maana. Shina zima ni mtungi wa maji uliofumwa kwa nyuzi, na hivyo ndivyo mti huu unavyoishi miezi mingi pasipo mvua kwenye jiwe la chokaa.

Mjomba aliuliza swali ambalo sikulitarajia. "Nani alimleta hapa?" Alimaanisha huo mtango wa kwanza. Nilimweleza ninavyojua. Sokotra iko kiasi cha kilomita 240 kutoka pembe ya Somalia, na zamani za mbali sana ilikuwa imeshikana na bara. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba nasaba ya mti huu ina umri unaokaribia mara mbili ya umri wa kisiwa chenyewe. Maana yake jamaa zake wa karibu waliishi bara, wakaisha huko, na huyu amebaki hapa peke yake.

"Basi huyu ni yatima," Mjomba alisema. Aliukalisha mkono wake juu ya gome kwa muda mrefu.

Tumelala kwenye hema. Upepo usiku kucha.

Siku ya 4, Ijumaa

Tumeteremka kwa miguu mpaka kijijini, tukaswali Ijumaa na wanaume wa pale (mimi nilikaa na kina mama kwenye baraza ya nyumba moja), kisha mzee mmoja akatukaribisha chakula. Wali, nyama ya mbuzi, na samli. Kuhusu samli hiyo nitasema kidogo: ni ya manjano iliyokoza, ina harufu ya moshi. Mjomba alipoionja aliweka tonge chini. Alikuwa akiwasikia wazee wake wakiitaja samli ya Sokotra ikija kwa majahazi ya kaskazi hadi Unguja, naye akidhani ni jina tu. Pamoja na samli zilisafirishwa pia shubiri na ile damu ya ndugu wawili, kwa karne nyingi. Tukaanza kuhesabu maneno yanayofanana kwa Kiswahili na Kiarabu: shubiri, ubani, samli. Mzee anacheka kila tukikutana kwenye neno.

Kisha Mjomba akauliza kuhusu qamhin, na cheko likapungua.

Mzee alizungumza Kiarabu cha polepole, akinitazama mimi kwa kuwa mimi ndiye mfasiri. Mvua ikikosekana, alisema, majani huisha yote. Mbuzi hukonda mpaka wanashindwa kusimama. Hapo mtu huchukua shoka na kwenda kwenye qamhin. Mti huo hukatwa ukaanguka wote, ukachanjwa vipande vipande, shina na matawi, na mbuzi hula, na ndani ya vipande vile mna chakula na maji pamoja. Baba yake alifanya hivyo. Yeye mwenyewe alifanya hivyo akiwa kijana, mara mbili. "Mwaka ule mti mmoja uliwavusha mbuzi wangu siku kadhaa. Na mbuzi ndio waliotuvusha sisi."

Nilisoma habari hii kabla ya kuja, imeandikwa kwa sentensi moja kwamba wenyeji huukata mti kulishia mifugo wakati wa ukame, nami niliisoma kwa hasira. Leo niliisikia kwa aliyeshika shoka, na mbele yangu sahani ya nyama ya mbuzi wake. Sikuwa na hasira. Watu hawa walikuwa na kisiwa ambacho miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo ulikifunga kabisa, chombo hakiingii wala hakitoki. Mti ule ulikuwa ghala lao. Alisema pia kwamba zamani hapakuwa na ruhusa ya kukata ovyo. Kila bonde lina wenyewe, na wazee ndio waliosema upi ukatwe na upi uachwe.

"Na watoto wake wako wapi?" Mjomba aliuliza. "Miche?"

Mzee alionyesha kwa kidevu. Nje, juu ya ukuta, mbuzi jike mweusi alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma akilivuta jani.

Kabla hatujaondoka mjukuu wake alituletea tunda. Lilikuwa limeiva, rangi ya tofali, dogo la kujaa kiganjani, na ngozi yake ina vinywele. Mjomba alilipasua kwa ukucha. Ndani ni kama tango lolote lililoachwa mpaka likaiva mno: ute, na mbegu zimepangana.

Siku ya 5, Jumamosi

Diksam na msitu wa Firmihin. Wote wanaokuja Sokotra huja kwa ajili ya hapa, na wana haki. Miti ya damu ya ndugu wawili imesimama kwa maelfu, kila mmoja mwavuli uliogeuzwa ndani nje, na utomvu wake ni mwekundu kweli. Wellsted, afisa wa Kiingereza aliyezunguka kisiwa mwaka 1834, aliuandika mti huu. Nimepiga picha, nimemtumia binti yangu.

Ila nilijikuta natafuta shina jeupe. Huku juu ni baridi na ukungu, si nchi ya mtango. Wenyewe unapenda chini, kwenye joto na vichaka vikavu. Jambo moja lilinigusa: hata hapa, kwenye msitu wenye sifa dunia nzima, miti ni mizee kwa mizee. Nilitembea saa nzima bila kuona mdogo, isipokuwa ndani ya ua wa mawe uliojengwa na watu kwa makusudi.

Siku ya 6, Jumapili

Qalansiyah, magharibi. Samaki, usingizi, bahari ya rangi ambayo sijawahi kuiona. Mjomba miguu imemvimba, tumepumzika.

Jioni nilimsomea kidogo kuhusu Balfour. Isaac Bayley Balfour, Mskoti, alifika hapa mwaka 1880, akakaa wiki chache tu, na akarudi na mimea mingi ambayo wataalamu wa Ulaya hawakuwa wameiona. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1888. Ndiye aliyeupa mti huu jina la kitaalamu, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: mti, na tango. Mjomba alitaka nirudie. "Kwa hiyo jina lake maana yake ni mtango-mti? Basi hata sisi tungeliita hivyo hivyo." Akaliandika kwenye daftari lake, chini ya qamhin.

Siku ya 7, Jumatatu

Leo.

Tulikuwa tunarudi Hadibo. Nilikuwa nimeshakata tamaa na sikumwambia Mjomba, ila alijua. Katikati ya njia dereva alisimamisha gari ili injini ipoe, kwenye uwanda wa vichaka vikavu na mitango imetapakaa, mingine ikiwa na maua. Nilikwenda kwenye mmoja ambao tawi lake moja lilikuwa limeinama usawa wa uso wangu. Ua ni la manjano, lina petali tano, halikuzidi sentimita 3, na kwa kweli ukilifunika shina kwa mkono usilione, ungeapa uko nyuma ya nyumba kwenye kitanda cha matango. Nyuki mmoja mdogo aliingia akatoka na poleni mgongoni. Mti huu una maua dume na maua jike kwenye mti mmoja, kama boga. Niliyatafuta yote mawili, nikayapata.

Mjomba akaniita. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

Alikuwa amepiga magoti, mzee wa miaka 74, mbele ya kichaka cha miiba. Miiba yenyewe mikali, imesukana kama wavu, mbuzi hawezi kupitisha hata ulimi. "Tazama ndani, mwanangu. Usiingize mkono."

Nililala kifudifudi. Mwanzo sikuona kitu ila matawi makavu. Kisha jicho likazoea kivuli, nikaliona jani la mviringo lenye meno, halafu la pili, halafu shina, jembamba, limevimba kidogo chini. Lilikuwa limepanda katikati ya miiba likitafuta mwanga. Jani lake la juu kabisa lilikuwa limetokeza nje ya kichaka kwa upana wa kidole, na ncha yake ilikuwa imeng'atwa. Lililobaki ndani lilikuwa zima.

Tuliuzunguka uwanda ule kwa saa moja na nusu, dereva naye akajiunga, tukichungulia kila kichaka cha miiba. Tulipata mwingine. Huu ulikuwa umeshakivuka kichaka chake: shina limetoka juu, nene kama paja la mtoto, majani yamepita urefu wa mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili, na kile kichaka kimebaki chini kikiwa kimemzunguka miguuni. Nje ya miiba, chini ya jua, hatukuona hata mmoja.

Mjomba alinieleza taratibu, kama anavyoeleza wakulima. Kwao Pemba akipanda mche mahali penye mifugo huuzungushia miiba ya mndimu mpaka upate urefu. "Hapa hakuna bwana shamba. Kichaka ndicho kilichofanya." Alikuwa akifuta macho, na mimi pia.

Nilimwuliza dereva kama watu huvikata vichaka hivi. Alisema ndiyo, kwa kuni, na kwa zizi la mbuzi. Kisha akasema atamwambia baba yake, maana uwanda huu ni wa ukoo wa mama yake.

Usiku huu nimelitazama daftari la Mjomba. Mwandiko wake wa kiofisi, wa penseli: "Mche 1, shibiri moja na vidole vinne, ndani ya miiba, jani la juu limeliwa. Mche 2, mita 2 na nusu, umeokoka. Mizee iliyo karibu, 31."

Siku ya 8, Jumanne

Kiwanja cha ndege. Haifai kuondoa mmea wala mbegu kisiwani, na tulilijua hilo tangu mwanzo. Tukiwa kwenye foleni Mjomba alitia mkono mfukoni kutoa pasi, akakuta mbegu mbili za lile tunda la Ijumaa, zimekauka na kugandana na karatasi ya peremende. Alizitazama kwenye kiganja. Alitoka kwenye foleni, akarudi mpaka nje alikosimama dereva, akamkabidhi.

Niliwaona kupitia kioo. Dereva alizifunga kwenye pembe ya kikoi chake, na Mjomba akamwonyesha kwa kidole gumba kina cha shimo.